Sauti ya Hatua ya Saba

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia macho karibu hadi mwisho wa kazi. Fundi wa kompyuta hahitaji nguvu nyingi, lakini skrubu ikianguka chini ya meza asiione, basi ajue muda wake umewadia. Yangu ilianguka majuzi. Nikaipapasa sakafuni kwa kiganja, nikaipapasa tena. Zainabu, mwanafunzi wangu wa kazi, akaiokota bila hata kuinama vizuri, akasema, "Mzee, hii hapa." Hakucheka, na kule kutocheka kwake ndiko kulikonifanya niandike barua ya kustaafu.

Ninyi mliobaki karakana mmeniomba niwaandikie kidogo ya zamani. Habari za vyeo hamtazikuta humu, kwa sababu karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, anayejua na anayejifunza, na kila mmoja wetu alivishika vyote kwa siku moja. Nitaandika niliyofundishwa na waliotangulia, na nitaandika habari ya Mwanahawa wa Kinole, kule milimani, ambayo Zainabu anaifahamu lakini ninyi wengine mmeisikia nusunusu.

Nilianza na mashine za kuchapa, zile za chuma zenye mlio wa kengele mwisho wa mstari. Fundi mkuu alikuwa Fidelis, mtoto wa mkata miwa kutoka Turiani, Mkristo mwenye kushika dini yake barabara. Siku ya kwanza alinipa brashi na mashine moja mbovu, akaniambia, "Wiki hii usitengeneze kitu. Fungua, safisha, rudisha."

"Nikiona kilichoharibika?"

"Kiamkie, kisha kiache."

Alitandika kitambaa cheupe mezani, akanifundisha kukipanga kila kinachotoka kwa mfuatano wake, kutoka kushoto kwenda kulia. Cha kwanza kutoka kiwe cha mwisho kurudi. Siku ya tatu nilipiga chafya moja, springi nne zikaruka. Fidelis akazitafuta pamoja nami kwa magoti, na tulipozipata zote akasema, "Sasa umejua kwa nini kitambaa ni cheupe." Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Yeye alinilindia muda wa swala, mimi nilimlindia Jumapili yake, na hatukuwahi kuandikiana mkataba wa jambo hilo.

Kompyuta zilipoingia mjini Morogoro, Fidelis alizitazama kama mkulima anavyotazama mbegu za kuletewa. Lakini alikuwa wa kwanza kati yetu kuzielewa. "Ni kitambaa kilekile," alisema, "ila vitu havionekani." Ndiyo maana mpaka leo, kwenye kompyuta yoyote niliyoitumia, mtakuta folda inayoitwa KITAMBAA. Kila kinachotolewa mahali kinawekwa humo kwanza, kwa mfuatano wake, kabla hakijaguswa. Yule kijana aliyeibadilisha jina ikawa "Mpya 2" najua ni nani, na nimemsamehe.

Sasa nifike kwenye makasha ya michezo. Mchezo wa kompyuta hauna faili moja moja zilizotapakaa. Picha, sauti na maandishi yake hufungwa pamoja katika faili moja kubwa, tunayoiita kasha, kama shehena iliyoshonwa ndani ya gunia. Ukilitazama gunia kwa nje huoni kitu. Zipo programu ndogo, nyingi hazina hata sura ya kupendeza, ambazo kazi yake ni kusoma orodha iliyofichwa mwanzoni mwa kasha, kukuonyesha kilichomo, na kukutolea unachotaka bila kulipasua. Nilizijua kwa sababu ya fundi cherehani.

Huyu alikuwa na timu ya mtaani kwake Mji Mpya. Alikuja na mchezo wa mpira wa miguu, akitaka kuona jezi moja kwa karibu ajifunze ilivyokatwa. Nikamwambia mchezo unaonyesha wachezaji wadogo kama sisimizi. Akasema, "Wewe si fundi? Mvue mmoja nguo."

Nikaitafuta programu, nikalifungua kasha, nikatoa picha za jezi kwenye KITAMBAA. Nilishangaa. Jezi haikuwa imevaliwa na mtu. Ilikuwa imelazwa bapa, kifua pembeni, mgongo pembeni, mikono miwili chini yake. Mimi niliona picha iliyoharibika. Fundi cherehani alipiga meza kwa furaha. "Imekatwa tayari! Mzee Shabani, hawa nao ni mafundi cherehani!"

Nilimweleza Fidelis habari ile nikiwa na majivuno kidogo. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Ulipoingia mle, ulibisha hodi?"

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye nyumba. Mlango kukubali ufunguo wako si kukaribishwa."

Mimi ni mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu, nimesomeshwa tangu utotoni kwamba mali ya mtu haihalaliki ila kwa ridhaa yake, nikafundishwa jambo hilohilo juu ya faili na mtoto wa mkata miwa. Tangu siku hiyo kasha la mtu sikuligusa kabla ya kumtafuta aliyelifunga. Mara nyingine alikataa, kazi ikaishia hapo, na mteja akaenda zake kwa fundi mwingine. Riziki haikupungua.

Fidelis alistaafu, akarudi Turiani kulima mpunga. Kila mavuno hutuletea mchele, na kila mwaka huuliza kama kitambaa bado ni cheupe.

Mwanahawa aliingia karakana asubuhi moja, wingu likiwa limeshuka mpaka mabegani mwa mlima. Mama wa makamo, kanga safi, kikapu mkononi. Kikapuni mlikuwa na pilipili manga, mdalasini na kompyuta mpakato ya zamani iliyofungwa kwa mtandio, vyote vikinukia pamoja.

"Asalaam aleikum, kaka Shabani. Nimeelekezwa kwako na fundi cherehani. Anasema wewe huvua watu nguo."

Zainabu alikohoa akageukia dirishani. Nikaitikia salamu, nikamkaribisha kiti, nikamwomba aeleze shida yake kabla fundi cherehani hajanimalizia heshima.

Shida yake ilikuwa hii. Miaka kadhaa nyuma kikundi kidogo cha watengeneza michezo pale mjini kilitengeneza mchezo wa kuwafundisha watoto kilimo cha milimani: namna ya kupiga matuta udongo usishuke, wapi pa kupanda migomba, lini kuchuma viungo. Walitaka sauti ya mkulima halisi. Wakamchukua mama yake Mwanahawa, Bibi Tausi wa Kinole, wakamrekodi mjini kwa siku moja. Ukimaliza kila hatua ya mchezo, Bibi Tausi anakusifu au anakusuta, kadiri ulivyolima. Hatua zilikuwa saba.

Jioni ile bibi alirudi Kinole akicheka peke yake. Watu wa nyumbani wakamuuliza amesema nini huko. Akajibu, "Mengine nimeyaweka mwisho. Mtayasikia mkimaliza shamba."

Baada ya muda Mwanahawa alikwenda Dar es Salaam kumuuguza binti yake aliyejifungua kwa shida. Akiwa huko, mama yake akafariki. Barabara ya kwetu milimani mnaijua ikinyeshewa. Alifika siku ya pili baada ya maziko.

"Sikumuaga, kaka," alisema. "Basi nikajifunza hiyo kompyuta. Mimi, na vidole hivi vya jembe. Nikalima. Nimelima hatua sita zote, wajukuu wangu wenyewe hawanifikii. Lakini nikiingia ya saba, inaganda. Kila siku inaganda. Mama yuko mle ndani na maneno yake, na mimi niko nje."

Zainabu aliujaribu palepale. Kweli, mchezo ulifika mlango wa hatua ya saba ukakwama, kioo kikabaki na picha ya mgomba mmoja.

"Unaweza kumtoa?" Mwanahawa aliuliza.

Nikamwambia Mungu akipenda tutajaribu, lakini kwanza tubishe hodi.

Kile kikundi kilishavunjika. Zainabu aliulizia siku mbili, akampata aliyekiongoza, Bwana Kulwa, Mnyamwezi, sasa anafuga kuku Mkuyuni. Kwa wasiojua, Wanyamwezi ni watani wetu Waluguru, na mtani hakupi jambo mpaka akutukane kwanza. Nikampigia simu.

"Mluguru!" alisema nilipojitambulisha. "Leo umeshuka mlimani au bado unaning'inia?"

"Nimeshuka kutafuta Mnyamwezi wa kunibebea mizigo. Nasikia mlizoea tangu enzi za misafara."

Alicheka hadi kuku wakasikika wakitimka. Nilipomweleza habari ya Mwanahawa akaacha utani. Kisha akasema, "Toeni. Toeni kila kitu. Yule bibi alitulisha ndizi siku ile yote. Nami nina ombi."

"Sema."

"Mniambie alisema nini. Mimi mwenyewe niliyeutengeneza huo mchezo sijawahi kufika mwisho wake. Sauti ya saba iliingizwa siku ya mwisho kwa haraka, tukaugawa bila kuujaribu."

"Na ukaniita mimi ndiye ninayening'inia?"

"Mtani, nilinde aibu yangu."

Nimeilinda mpaka leo. Naona sasa ameshazoea.

Wiki iliyofuata Mwanahawa alirudi. Tulianza kwa bismillahi na nakala, maana kasha la mteja halifunguliwi, hufunguliwa nakala yake. Kasha lile lilifungwa kwa namna ambayo programu yetu haikuitambua, lakini programu hiyo huruhusu kuelezwa kwa mistari michache: orodha inaanzia hapa, kila faili ina urefu huu. Kulwa alitutajia mpangilio kwa simu, Zainabu akaandika, nami nikasimama nyuma yake nikifanya kazi muhimu ya kushika miwani yangu. Orodha ikafunguka. Picha za migomba, matuta, mvua, kisha sauti, moja mpaka saba.

Tulizitoa zote kwenye KITAMBAA. Ya kwanza ilisema kwa sauti nzito ya taratibu, "Umelima vizuri, lakini jembe hujaliosha." Mwanahawa akafunika mdomo. Ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, zote safi, bila ule muziki wa mchezo juu yake. Alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa ncha ya kanga.

Tukafungua ya saba. Ikagoma. Faili nyingi huwa na maneno machache mwanzoni yanayoieleza kompyuta izisome vipi. Hii haikuwa nayo, ilikuwa sauti mbichi kama ilivyotoka kwenye kinasa. Ndicho kilichokuwa kikiugandisha mchezo, ambao huandaa sauti ya kila hatua pale mlangoni. Zainabu akailazimisha kompyuta iisome kwa kipimo cha kasi cha kawaida.

Kikatoka kisauti chembamba, cha haraka, kinachopanda na kushuka. Tukakisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyeelewa neno.

"Huyu si mama," Mwanahawa alisema. "Huyu ni kifaranga."

"Huenda imeharibika," nikasema. Hilo ndilo kosa langu, nami naliandika makusudi. Miaka yote ile ya kazi, nikasikia kitu nisichokielewa nikakiita kibovu.

Mwanahawa hakulaumu. Alikunja mtandio wake taratibu, akapanga viungo upya kikapuni ingawa vilikuwa vimepangika, akasema, "Alhamdulillahi. Nimepata sita. Mtu asiwe mchoyo wa shukrani." Lakini mikono yake ilikuwa mizito. Adhuhuri ilikuwa imekaribia. Nikamwomba aswali kwanza, gari la Kinole halikuwa linaondoka mapema. Akakubali, tukaenda msikitini, yeye akashika upande wa wanawake.

Mimi nikasimama kuadhini. Nilipofika pale pa kuita watu waje kwenye swala, pale ambapo pumzi huvutwa ndefu na sauti hupanda polepole, nikakumbuka kitu. Nyuma ya kile kisauti cha kifaranga kulikuwa na mlio mwingine wa mbali, kama mbu, nao ulikuwa unapanda na kushuka. Kupanda kule ninakujua. Nimewaita watu kwako, ewe Mola wangu, mara tano kwa siku kwa nusu ya umri wangu, na siku ile uliniita wewe. Nilimaliza adhana bila kuikatisha, nikaswali bila kuiharakisha, ingawa siwezi kuapa kwamba moyo wote ulikuwa msikitini.

Nilirudi karakana kwa mwendo ambao mzee hapaswi kuonekana nao.

"Zainabu, weka ile ya saba. Usisikilize mtu, sikiliza dirisha."

"Dirisha gani, Mzee?"

"La chumba walichomrekodia. Lilikuwa wazi."

Akaiweka, akainamisha kichwa. Mwanahawa naye alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni na kikapu. Zainabu akasema polepole, "Kuna adhana."

"Kuna adhana. Sasa mwadhini gani anaadhini hivyo? Amefukuzwa na nyuki?"

Nikamwambia ashike saa ya simu yake. Nikaisoma mistari ile ya mwanzo ya adhana kwa sauti ya chini, kwa kupima tu, kwa pumzi ya kawaida ya waadhini wa mjini kwetu. Kisha akapima ile ya kwenye kompyuta. Akatazama namba, akanitazama mimi.

"Nusu, Mzee. Karibu nusu kamili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumeiambia kompyuta isome mara mbili ya kasi yake." Alikuwa ameshageukia kibodi. "Haijaharibika. Sisi ndio tulikuwa na haraka."

Akabadilisha namba moja. Namba moja tu, wenzangu.

Kwanza ilitoka adhana ya mbali, imetulia, na jogoo wa mtu. Kisha sauti ya kijana wa kurekodi, "Bibi, sasa ya mwisho. Mpongeze aliyemaliza shamba." Kikafuata kimya, tukamsikia mtu akijiweka sawa kwenye kiti. Halafu sauti nzito ya Bibi Tausi ikajaa karakana.

"Mwanahawa! We Mwanahawa!"

"Abee, mama!"

Aliitikia kwa nguvu, palepale mlangoni, kikapu mkononi, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri simu zao wakageuka. Wala yeye hakuwaona.

"Najua ni wewe," bibi akaendelea. "Wenzako wameshachoka huko nyuma. Wewe tangu mdogo ukishika tuta huliachi mpaka liishe. Haya, umeniona. Nami nimekuona. Usikae hapo kunililia, shamba haliishi, mwanangu, tunapokezana tu. Funga hiyo mashine ukaangalie mbaazi jikoni, zinaungua."

Yule kijana akasikika akicheka, "Bibi, hayo si tuliyokubaliana." Naye akamjibu kwa maneno mawili ya Kiluguru ambayo sitayaandika, ni ya nyumbani kwao. Sauti ikakatika.

Mwanahawa aliweka kikapu chini. Akacheka kwanza. Alicheka mpaka akakaa, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena, na Zainabu akapiga kigelegele ambacho kilimleta muuza vocha kutoka ng'ambo ya barabara kuuliza nani anaolewa. Tukairudia mara nne. Kila ilipofika pale pa kuita, Mwanahawa aliitikia, na ya nne tulimwitikia wote, mimi nikiwemo.

Tulimwekea sauti zote saba kwenye flashi mbili, moja ya kutumia na moja ya kuficha. Kulwa nilimpigia, nikamsikilizisha kwa simu. Akasema, "Mluguru, leo sina la kukutukana." Kwa mtani hilo ni jambo zito. Baadaye aliirekebisha faili ile, na Zainabu akairudisha kashani. Mchezo haugandi tena. Ila kwa ombi la Mwanahawa, hatukukata jina lake. Kwa hiyo mtoto yeyote wa Morogoro anayemaliza shamba lile huitwa Mwanahawa, na anaambiwa akaangalie mbaazi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Siku yangu ya mwisho karakana ilikuwa Alhamisi. Nilifuta meza, nikamkabidhi Zainabu funguo, brashi ya Fidelis, na kitambaa chenyewe, kile cha nguo, ambacho sasa ni cheupe kwa jina tu. Mwanahawa alikuwa ametuletea ndizi na pilipili manga, akanikuta nimesimama tu, sijui pa kuweka mikono.

"Kaka Shabani, umemaliza shamba?"

"Nimemaliza, dada."

"Muongo," alisema, akanisukumia kikapu. "Beba hizi. Nyumbani kwako kuna mbaazi zinaungua."

Nikabeba, nikaenda.